Kukagua breki za gari dogo kabla ya kushuka mlima Kitonga

Gari likifika gereji na malalamiko ya breki, mara nyingi mwenye gari huambiwa akanunue pedi. Pedi zinafungwa, kesho yake shida iko palepale, kwa sababu ubovu ulikuwa kwingine. Anza na pedeli. Itakuonyesha pa kutafuta kabla hujafungua hata nati moja.

Egesha sehemu tambarare, weka kabari kwenye tairi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedeli mara tano au sita mpaka iwe ngumu, ishikilie, kisha washa gari. Inatakiwa ishuke kidogo yenyewe. Isiposhuka, boosta, yaani kifaa kinachoongezea mguu nguvu, haisaidii. Kabla ya kulaumu boosta, kagua mpira unaotoka kwenye injini kuja kwake, na vali yake ya njia moja. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, hivyo boosta iliyochoka ambayo Dar es Salaam ilikuwa ikivumilika, huku inajulikana mapema.

Injini ikiendelea kuunguruma, kanyaga na ushikilie sekunde 30. Pedeli ikizama taratibu, mafuta ya breki yanapita mahali. Tafuta uvujaji wa nje kwanza: kwenye paipu, kwenye hosi, na ndani ya tairi za nyuma. Kote kukiwa kukavu na kopo la mafuta ya breki halipungui, raba za ndani ya masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli, zimekwisha.

Pedeli inayobonyea kama sponji ina upepo ndani ya paipu za mafuta. Ila kuna nyingine inayofanana nayo na huwachanganya wengi: inakwenda chini sana, ukiirudia haraka inapanda na kuwa imara. Mara nyingi hapo breki shuu za nyuma zimekaa mbali na dramu, lile ngoma la chuma zinalobana, kwa sababu adjasta za kuzisogeza zimeganda. Utatoa upepo mchana kutwa bila kupata nafuu.

Gari likivuta kushoto unapokanyaga, shuku kwanza kuwa breki ya kulia haishiki, maana upande unaoshika ndio unaovuta. Endesha kilomita chache bila kukanyaga sana, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu, usiiguse. Tairi iliyo moto kuliko mwenzake, breki yake imegandia. Iinue kwa jeki, weka stendi, izungushe kwa mkono. Ikiwa nzito, legeza nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye breki. Ikiachia papo hapo, kuna presha iliyonaswa, na mara nyingi ni hosi iliyoziba kwa ndani ingawa nje inaonekana nzima. Isipoachia, pistoni ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) au pini inazoteleza juu yake zimeshikwa na kutu. Kwa magari yanayoshinda kwenye tope la Rungwe au Makete, pini ndizo za kutazama mapema. Zisafishe, zipake grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mipira yake.

Unapotazama pedi, tazama ya ndani pia, ile isiyoonekana kwa kuchungulia kupitia rimu. Ikiwa imelika kuliko ya nje, rudi kwenye pini. Badilisha pedi zikibaki milimita 3 za kitu kinacholika, bila kuhesabu bati. Unene wa mwisho wa diski kwa kawaida huandikwa kwenye diski yenyewe. Nyuma, vua dramu, inua kwa bisibisi ncha ya mpira wa vumbi wa wili silinda, ile inayosukuma shuu. Ukikuta umajimaji, silinda inavuja. Shuu iliyolowa mafuta ya breki haioshwi kwa petroli ikarudishwa, inatupwa pamoja na mwenzake wa upande wa pili.

Mafuta ya breki ndiyo yanayosahaulika zaidi, na kwenye miteremko kama Kitonga au Iwambi kuja Mbalizi ndiyo yanayoua. Hunyonya unyevu. DOT 3 mpya lazima istahimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na pedeli inakwenda chini ghafla bila kitu. Pedi zilizozidiwa na joto ni jambo jingine: pedeli inabaki ngumu, harufu ya kuungua inaingia ndani, gari halipungui. Dawa ya kwanza ya yote mawili ni kushuka na gia ndogo tangu juu. Mafuta yabadilishwe kila miaka 2. Kamwe usiongeze oili ya injini au ya gia, huharibu raba zote za mfumo. Kopo likipungua, kagua unene wa pedi na uvujaji kabla ya kujaza.

Ukitoa upepo, anza tairi ya mbali na masta silinda. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, kwa kawaida ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia, isipokuwa kitabu cha gari kikisema vingine. Kopo lisikauke katikati ya kazi.

Baada ya kufunga pedi mpya pistoni zimerudi ndani, kwa hiyo ukikanyaga mara ya kwanza pedeli itakwenda hadi chini. Pampu mpaka pedeli isimame, ndipo uweke gia.