Namna ya kumuuliza bibi yako habari za siku zile

Mara ya kwanza nilikwenda na daftari jipya, kalamu mbili, na swali nililoliona la maana sana: "Bibi, nyinyi mlikuwa chama gani?" Bibi yangu mzaa baba, mzaliwa wa Gando, Pemba, akaniangalia, akajifunga leso yake vizuri, akasema anakwenda kutazama wali usije ukaungua. Wali ulikuwa umeshapakuliwa. Nikakaa ukumbini na daftari langu mpaka adhana ya magharibi, hakurudi.

Ni miaka 11 sasa. Mimi nafundisha historia skuli, hapa Wete, Pemba. Upande wa baba yangu walikuwa Hizbu watupu, yaani chama cha ZNP, upande wa mama ni wa chama cha Afro-Shirazi, wa Ng'ambo, Unguja. Kwa hiyo ikifika 12 Januari, siku ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, kwetu kuna wanaovaa nguo mpya na kuna wanaofunga mlango mapema. Tangu siku ile ya wali nimekaa na wazee 14, wengi wa ukoo wetu, na haya ninayokupa nimeyapata zaidi kwa kukosea.

Kwanza, tarehe zijue wewe. Usimuulize mzee mwaka. Yeye hakuhifadhi Januari wala Juni, kahifadhi mfungo na msimu. Uchaguzi wa 1 Juni 1961, ambao fujo zake ziliua watu 68, ulikuja kama wiki moja baada ya Iddi ya mfungo tatu. Mapinduzi ya usiku wa kuamkia Jumapili, 12 Januari 1964, yaliwakuta watu wanajitayarisha na Ramadhani, zimebaki siku chache tu. Ukiuliza "mwaka 1964 ilikuwaje?" utapewa hotuba ile ile ya redioni. Ukiuliza "Ramadhani ile mlifuturu nini?" mtu anatulia, anaangalia juu, anaanza kuhesabu vyungu.

Jua pia kwa nini kila upande unajiona una haki, la sivyo utamkatiza mzee kwa mshangao wako. Julai 1963 Afro-Shirazi walipata kama asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Hizbu na wenzao wa chama cha ZPPP wakachukua 18 na serikali. Mzee wa Afro atakwambia: tulishinda tukanyimwa. Wa Hizbu atakwambia: tulishinda, uhuru tukaupata Disemba, mwezi mmoja baadaye tukavamiwa. Wote wawili wana hesabu mkononi. Na kabla ya hapo kuna wakulima waliofukuzwa mashambani kwa sababu ya chama, kuna maduka yaliyosuswa, kuna maiti waliozikwa na watu wachache kwa sababu jirani ni wa upande wa pili. Ukiyajua haya hutauliza "kwani ilianza vipi?", swali ambalo halina jibu isipokuwa ugomvi.

Wakati wa kwenda ni baada ya alasiri, na bora zaidi ni msimu wa karafuu. Wanawake wakikaa kuchambua karafuu, mikono ina kazi, macho yako chini kwenye makonyo, hapana anayemtazama mwenzake usoni. Maneno hutoka. Kaa na wewe uchambue. Kama si msimu, peleka uraibu: tambuu, popoo na chokaa. Mzee wa kiume mfuate anapofanyia kazi zake. Mtoto wa baba yangu mdogo, aliyekimbilia Shimoni, Kenya, kwa mashua mwaka 2001, alinikatalia mara tatu nyumbani. Akanieleza yote siku moja pwani, anatia kalfati ngalawa, mgongo kanipa mimi.

Sasa maswali. Upande usiulize. Uliza kitu. Uliza nani alikuwa na redio mtaani, mlango ulifungwa kwa komeo au kwa kinu, watoto walilala chumba gani, maji mliteka wapi, kisima kiko mbali, huku risasi zinasikika. Bibi yangu yule yule aliyenikimbia kwenda kwenye wali, siku ya pili nilimuuliza godoro lao lilikuwa la nini. "La sufi," akasema, "na kadi ya babu yako ilikuwa ndani yake." Kadi ya Hizbu. Alifumua godoro usiku, akaitoa, akaichoma jikoni pamoja na makumbi ya nazi, kisha akashona godoro tena gizani kwa kupapasa. Kutoka hapo tulifika kwenye bakora alizopigwa babu hadharani, jambo ambalo baba yangu, mtoto wake wa kumzaa, alikuwa hajawahi kulisikia.

Bibi mzaa mama, kule Ng'ambo, nilimuuliza duka lao la karibu lilikuwa la nani. La Mmanga, Mwarabu wa Omani, pembeni ya mtaa. Jumapili ile, wakati redio inatoa sauti ya John Okello, kiongozi wa wapiganaji wa Mapinduzi, na amri zake, Mmanga alimpitishia mlango wa uani kopo la samli na daftari la madeni, akamwambia amuwekee mpaka mambo yatulie. Hakurudi. Jina la babu yangu, hamali wa bandarini, limo ndani ya daftari lile. Mchwa walishalila zamani, lakini bibi, ambaye mpaka leo huyataja Mapinduzi kwa kujivunia, aliniuliza: "Mke mwenzangu, wewe umesoma. Deni la maiti nimlipe nani?" Nilikuwa sina la kumjibu. Nimekwenda kumuuliza sheikh, akasema atoe sadaka kwa niaba ya mwenye haki yake, naye ametoa, lakini naona hajaridhika.

Hili la daftari nimeruhusiwa kulisema. Mengine sikuruhusiwa, na hapa nitakuwa mkali kidogo: ruhusa omba mara mbili, kabla na baada. Kabla, mtu hajui atasema nini. Baada ndiyo anajua.

Maneno yake yaache kama yalivyo. Akisema Mapinduzi, andika Mapinduzi. Akisema uvamizi, andika uvamizi. Usimsahihishe na usilainishe. Akisema "Mwarabu", lakini, muulize taratibu ni Mwarabu wa wapi, maana Mmanga mwenye duka shamba, Mshihiri wa Hadhramaut muuza kahawa, na jirani aliyezaliwa hapa na mama Mswahili wote waliitwa jina hilo moja, na siku zile jina liliweza kukuua. Wamanga wa mashamba ndio walioumia sana, 1961 na tena 1964.

Idadi ya maiti usiitafute kwake. Hili najua watu watanibishia. Kwa 1964 makadirio yanatoka mamia mpaka maelfu mengi, na kila mwenye kutaja namba ana sababu yake ya kuitaja. Bibi hakuhesabu, alikuwa chini ya kitanda. Chukua mfano wa karibu: Januari 2001, maandamano ya chama cha upinzani, CUF, ya hapa Pemba na Unguja yalipopigwa risasi, tume ya uchunguzi ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilitaja waliokufa 31, Human Rights Watch wakasema si chini ya 35, na watu wapatao 2,000 wakavuka kwenda Kenya. Mwenyewe nilikuwa Wete Jumamosi ile, msichana wa miaka 20. Ukinishtukiza usiku ukaniuliza wangapi walikufa nitakwambia mia. Namba yangu ni ya hofu niliyokuwa nayo, basi iandike hivyo, usiiweke kwenye jedwali.

Simu itoe mwisho, muoneshe, mwambie inanasa sauti. Izime data, iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, si juu ya meza ya mabati. Ukimaliza hamishia kwenye flashi mbili, moja ikae kwa ndugu mwingine. Na tafadhali usirushe kwenye grupu la WhatsApp la familia. Mimi nilirusha mara moja, dakika mbili tu za bibi akicheka. Kufika isha, binamu yangu wa Muscat na mjomba wangu wa Kikwajuni, Unguja, walikuwa wanatukanana kuhusu uchaguzi wa 1963, na wote wawili hawakuwa wamezaliwa.

Majina ya waliotenda ondoa. Si kwa kumuogopa mtu. Darasani kwangu wanakaa dawati moja mjukuu wa aliyepigwa na mjukuu wa anayesemwa kuwa alipiga, na wanaazimana rula. Mimi majina ninayo kichwani, yatakaa humo.

Mzee akilia, zima. Usimwambie "pole, yamepita", kwake hayajapita. Mpe maji, kaa kimya, kisha muulize jambo la leo: kuku wake, mguu wake, mjukuu aliyeposwa. Usiondoke mpaka amerudi kwenye leo. Nilimwacha shangazi mmoja katikati kwa sababu gari ya mwisho ya Chake ilikuwa inaondoka, na nilisikia baadaye kuwa hakulala siku mbili. Tangu hapo nakwenda nimeshajipanga kulala huko huko.

Ukishaandika, rudi umsomee. Wengi huacha hatua hii, kwa uvivu au kwa kuogopa kukatiwa maneno. Nilipomsomea bibi wa Gando kurasa zangu tisa alikuwa amelala chali kwenye mkeka, macho kayafumba, nikadhani kasinzia. Kadi, godoro, bakora, vyote vikapita. Nilipofika usiku wa pili, waliposhindia muhogo, akainua mkono.

"Muhogo tulikuwa tumeshauchimba wote. Majimbi yale."

Nikafuta muhogo, nikaandika majimbi. Akaniuliza kama nimeandika pia kuwa yalichemshwa bila nazi.