Wingu la kuogopwa Ziwa Victoria
Anayeingia ziwani usiku kuvua dagaa asihangaike na mawingu membamba kama unyoya yaliyo juu ya kilomita 6, kwa kuwa hayo hayanyeshi. Alitazame lile lililoanza kama fungu la pamba chini ya kilomita 2, likafura hadi kilomita 12 au zaidi, kilele chake kikatandaa bapa kama fuawe la mhunzi. Hilo ndilo wingu la radi, na ziwani hukomaa hasa kati ya usiku wa manane na asubuhi, pepo za nchi kavu zinapokutana juu ya maji. Umeme ukimulika na ngurumo ikasikika kabla hujahesabu sekunde 30, dhoruba iko ndani ya kilomita 10: geuza mtumbwi, wala usingoje matone, maana upepo mkali mara nyingi huitangulia mvua.