Ukitoka Kampala kwenda kuzungusha gari pwani ya Uingereza, panga hivi

Kazi yangu ni kuendesha wageni, Entebbe, mbuga ya Murchison, msitu wa Bwindi, miaka mingi sasa. Wazungu huniletea plani wameandika Murchison Jumatatu, Bwindi Jumanne, na mi nacheka moyoni maana kwa ramani hiyo ni kidole kimoja na nusu lakini barabarani utaomba maji. Alafu dadangu anayeishi Uingereza akatuita mimi na mke wangu, nikasema safari hii mgeni ni mimi, nikakaa chini nikaandika Sussex, Dorset, Devon, Cornwall, kisha tupande mpaka Northumberland huko juu karibu na Scotland, siku tisa. Mama watoto akaisoma akaniuliza, hii ni likizo au umepata kazi ya lori?

So kitu cha kwanza, chagua kipande kimoja cha pwani, viwili mwisho. Sisi tulibaki na Dorset usiku tatu na Cornwall usiku nne. Kutoka London mpaka St Ives, mji wa baharini kule Cornwall, ni kama maili 300, yaani karibu kilomita 480, na barabara ya A303 inayopita pale Stonehenge halafu A30 zina sehemu zinabana kuwa njia moja kila upande, na hapo foleni yake utadhani uko Kibuye ya Kampala jioni. Hesabu kwa masaa, usihesabu kwa maili, alafu ongeza lisaa la chai.

Wakati wa kwenda. Kule majira ya machipuko ni mwezi wa tatu mpaka wa tano, lakini mwezi wa tatu bado ni baridi ya kukuuma masikio, usidanganywe na picha. Pasaka usiende, shule zinafunga kama wiki mbili na watu wote wanakimbilia baharini, bei ya vyumba inaruka. Mi naona mwezi wa tano ndo wenyewe, ila ukwepe wikendi ya Jumatatu ya kwanza na wiki ya mwisho ya mwezi, hizo ni sikukuu zao na watoto wako nje ya shule. Ukiwahi mwisho wa mwezi wa nne au mwanzo wa wa tano utakuta misituni kumetandazwa maua ya bluu chini ya miti, wanayaita bluebells, na wanakondoo kila malisho. Na jua! Sisi tumezoea saa moja asubuhi kumekucha, saa moja jioni giza, mwaka mzima. Kule mwezi wa tano saa tatu usiku bado unaona njia, ni kitu cha ajabu, mke wangu alikataa kulala. Ila beba sweta na koti la mvua, fikiria baridi ya Kabale asubuhi kisha uongeze upepo.

Viza ianze mapema. Huwezi kuomba kabla ya miezi mitatu ya safari, na ukishatoa alama za vidole jibu kawaida linachukua kama wiki tatu, so ukiomba siku 90 kabla umetulia. Statimenti za benki, barua ya kazini, kitu kinachoonyesha utarudi. Vyumba buku vile unaweza kufuta bila kulipa, tiketi ya ndege ngoja viza itoke, sitaki kusikia mtu amelia. Ndege zipo nyingi za kubadilisha njiani, na Uganda Airlines walianza kuruka Entebbe mpaka Gatwick mwezi wa tano 2025. Gatwick iko kusini ya London kwa hiyo kwa mtu wa pwani ya kusini ni nzuri, unachukua gari palepale na katikati ya London huigusi kabisa, maana ukiingia katikati kuna hela ya msongamano unalipa mtandaoni na ukisahau ni faini. Ila usishuke kwenye ndege ya usiku ukaingia moja kwa moja barabarani, lala kwanza.

Gari sasa. Uzuri na wao wanaendesha kushoto, usukani kulia kama sisi, ile hofu ya Wamarekani sisi hatuna, na leseni yako ya Uganda inakubalika miezi 12 ukiwa mgeni. Kampuni nyingi zinataka kredit kadi yenye jina la dereva mwenyewe, sio ya shemeji, na wanashika depoziti mpaka urudishe gari. Hapo ndo watu wengi wanakwama kaunta na mabegi yao, kwa hiyo uliza kabla. Uliza pia ajali ikitokea wewe unatoa ngapi kabla bima haijaanza kulipa. Kama unataka otomatiki sema mapema maana za gia ndo nyingi. Na chukua gari NDOGO, nasisitiza, hata kama nyumbani unaendesha Land Cruiser.

Kwa nini ndogo? Ukitoka barabara kuu Cornwall au Devon unaingia vijia vya upana wa gari moja, kuta za majani pande zote mbili juu kuliko paa lako. Na yale majani usiyaamini, ndani ni mawe yamepangwa na udongo, ukisugua umesugua. Ukikutana na mwenzako, aliye karibu na sehemu ya kupishana ndo anarudi rivasi. Mi ambaye nimerudi rivasi na gari la wageni kwenye tope la Bwindi, nilitoka jasho mbele ya bibi kizee mwenye kagari kadogo ananitazama tu. Sehemu za kupishana usipaki hata dakika moja. Mtu akikupisha nyanyua mkono. Na taa! Huku kwetu mtu akikumulika anasema toka nakuja, au trafiki wako mbele. Kule mara nyingi anakwambia pita wewe. Basi mi nangoja, yeye anangoja, tumebaki tunatazamana kama mbuzi wawili darajani.

Vibao ni vya maili. 30 mjini ni kama kilomita 48. Duara jeupe lenye mstari mweusi, kwa barabara ya kawaida maana yake ni mwisho 60, sio kwamba uende 60 kwenye kale kanjia. Kamera ziko kila mahali na barua ya faini inaenda kwa wenye gari, nao wanaongeza yao. Raundabauti mpishe anayetoka kulia, tena kwa kweli, sio vile tunavyofanya na bodaboda. Honi iache. Mafuta unajiwekea mwenyewe, mi nilikaa ndani ya gari nikingoja kijana aje aniulize niweke ya ngapi, banange, nilingoja! Soma bomba vizuri, mara nyingi petroli ni ya kijani na dizeli nyeusi.

Sasa bahari, hapa sisi watu wa ziwa tusikilize. Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, maji uliyoyaacha asubuhi ndo utayakuta jioni. Mtu wa Mombasa anajua kupwa na kujaa tangu utotoni, sisi hatujui, na pwani ile maji yanapanda kwa nguvu. Kabla ya kupanga siku angalia ratiba ya maji ya hapo unapoenda. St Michael's Mount kule Cornwall unatembea kwa miguu juu ya njia ya mawe maji yakipwa, yakijaa ni boti. Holy Island ya Northumberland, ambayo mi niliikata kwenye plani, barabara yenyewe ya magari inazama mara mbili kwa siku na kila mwaka kuna wanaoacha gari ndani ya maji. Dorset nako, Durdle Door, lile tao la mwamba baharini, na fukwe zake, usikae chini ya majabali, yanamomonyoka. Pwani hiyo iliingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, na pale Lyme Regis unaokota visukuku vya viumbe wa zamani chini tu kama kokoto.

Vijiji vizuri havina paking. Clovelly kule Devon gari inabaki juu, unashuka kwa miguu njia ya mawe. St Ives usiingie na gari, iache stesheni ya St Erth upande treni, inapita kandokando ya bahari, dakika chache tu, na hiyo safari peke yake inalipa. Lala maili kadhaa ndani kutoka pwani, gesti za familia zenye chai ya asubuhi, bei inashuka. Na pakua ramani kwenye simu kabla, mabondeni neti inapotea.

Chakula kitu cha kula ukitembea ni pasty, kama sambusa kubwa la nyama ya ng'ombe na viazi. Wewe wa halali chukua ya jibini na kitunguu, na bado uliza kama unga umekandwa na mafuta ya nguruwe. Ukila nje St Ives funika, wale ndege wa baharini wanakwapua mkononi, kaloli wetu wa Kampala, wale korongo wakubwa wa majalalani, wana adabu, wanangoja utupe.

Kabla ya kurudisha gari jaza tanki karibu na uwanja, piga picha pande zote nne, magurudumu na geji ya mafuta, kisha usifute hizo picha mpaka depoziti irudi.