Kesi ikiondolewa India, uliza umeachiwa kwa namna gani

Mtanzania aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama anaijua nole: DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, anasema hana nia ya kuendelea na shauri, mshtakiwa anaachiwa, na pengine anakamatwa tena kabla hajafika getini. Nole haisubiri hakimu aridhie. India mambo si hayo, na ndugu zetu wanaosoma Pune au waliopeleka mgonjwa Chennai ni vema waijue tofauti mapema. Wakenya itawaingia haraka, maana Ibara ya 157 ya Katiba yao ya 2010 nayo inamtaka DPP apate ruhusa ya mahakama.

Anayeomba kesi iondolewe ni mwendesha mashtaka wa serikali aliyeishika, wakati wowote kabla ya hukumu, na lazima mahakama ikubali. Hicho ni kifungu cha 360 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai iitwayo BNSS, iliyoanza Julai 1, 2024. Kwenye karatasi za zamani utakiona kama kifungu cha 321 cha sheria iliyotangulia. Polisi hana mamlaka hayo. Kwa hiyo mtu akikufuata nje ya kituo akitaka rupia ili "aifute", usimpe hata moja. Mlalamikaji akikusamehe, hiyo ni suluhu ya kifungu cha 359, na ni kwa makosa yaliyotajwa humo tu.

Mahakama haigongi muhuri tu. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilikataa kuondolewa kwa kesi ya wanasiasa walioshtakiwa kwa kuharibu mali ndani ya bunge la jimbo la Kerala mwaka 2015, ingawa serikali ya jimbo ndiyo iliyotaka. Sasa hata mwathirika lazima apewe nafasi ya kusikilizwa. Na kosa likigusa mambo ya serikali kuu, kama uhamiaji, mwendesha mashtaka wa jimbo anahitaji kwanza kibali cha serikali kuu.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kesi ikiondolewa kabla mahakama haijakusomea mashtaka rasmi, umeachiliwa tu. Unaweza kushtakiwa upya. Ikiondolewa baada ya hapo, umeachiwa huru, na kosa hilo halirudi. Msichanganye mashtaka hayo na chajishiti, ambayo ni taarifa ya polisi kwenda mahakamani. Kuwa na chajishiti mkononi hakumaanishi umeshasomewa mashtaka. Muulize wakili wako swali hilo moja, akujibu waziwazi. Aliye mahabusu bila fedha ana haki ya wakili wa bure chini ya sheria ya msaada wa kisheria ya 1987, mgeni naye akiwemo, na ana haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe.

Siku ya amri, omba nakala iliyothibitishwa, yenye muhuri, na usome jina lako herufi kwa herufi lifanane na la pasipoti. Kisha ulizia kama kuna ilani ya kukuzuia kusafiri. Haifutiki yenyewe: idara iliyoiomba ndiyo inayopaswa kuandika iondolewe. Usikate tiketi kabla hujahakikisha imeandika.