Kununua na kuuza valvu kuukuu za ECC83 za Mullard

Jina la Mullard, kampuni ya Uingereza, kwenye kioo cha ECC83 (valvu ya kielektroniki, yaani kichupa cha kioo cha kukuza sauti ndani ya amplifaya) lisikufanye ulipe haraka, kwani lilichapwa hata kwenye valvu za viwanda vingine. Tafuta msimbo mdogo wa kijivu karibu na pini. Mulika tochi kwa pembeni utauona. Mstari wa pili ukianza na B, imetoka Blackburn, Uingereza. Kisha hufuata mwaka, mwezi kwa herufi na wiki: B5K3 ni Novemba, wiki ya tatu, mwaka unaoishia na 5. Muongo utaujua kwa umbo la ndani.

Rangi ya fedha iliyo ndani ya kioo, upande wa juu, ikigeuka nyeupe, hewa imeingia. Usinunue.

Valvu hii ina pande mbili za kukuza sauti ndani ya kioo kimoja; dai vipimo vya zote mbili. Kwa volti 250 na volti -2 kwenye gridi (waya wa ndani unaodhibiti mkondo), kila upande mzima hupitisha takriban miliampea 1.2. Neno "nzuri" la muuzaji si kipimo. Halafu ichomeke tundu la kwanza la amplifaya, pandisha sauti, igonge taratibu kwa penseli ya mbao. Mlio mdogo wa kugonga kusikika kwenye spika ni kawaida. Ikivuma au kupiga mluzi, haifai hapo, lakini huenda ikafaa tundu linalofuata baada ya hilo la kwanza.

Ukiuza, usifute kioo hata kwa kidole: maandishi ya Mullard hutoka upesi, na bei hushuka nayo. Piga picha msimbo, fedha ya juu na pini. Pini iliyopinda inyooshe polepole, maana kioo hupasuka shinani mwake. Funga kila valvu peke yake, boksi ndani ya boksi.