Boneti ya gari la zamani imegoma kufunguka: anzia kwenye mkono wa kufungulia

Boneti ikigoma, kosa huwa mahali pamoja kati ya matatu: loki imeshika kutu, waya wa kebo umekatika au umeganda, au ganda la kebo, yaani mrija unaoufunika waya, limechomoka pale linaposhikiliwa. Kila moja lina tiba yake. Anayekimbilia mtaimbo kabla ya kujua ni lipi hukunja ukingo wa boneti, na bati likishakunjika hapo ni kazi kubwa kulirudisha lilingane tena na fenda.

Kwa hiyo kaa ndani ya gari, uvute mkono wa kufungulia polepole. Ukija mlegevu bila uzito wowote, waya umekatika au umechomoka. Ukiwa mgumu, waya umeganda ndani ya ganda lake au loki yenyewe imeshika. Acha kuvuta hapo hapo, maana waya ambao bado ni mzima ndio njia yako rahisi kuliko zote. Ukivutika kwa uzito wa kawaida lakini loki hailii, shuku ganda. Kebo hufanya kazi kwa sababu waya unavutwa huku ganda limetulia. Klipu ya ganda ikilegea, vyote viwili husogea pamoja na loki haivutwi hata kidogo.

Jaribio la kwanza halihitaji spana. Mtu mmoja avute mkono na kuushikilia, mwingine aweke viganja viwili juu ya boneti, usawa wa loki, akandamize na kuachia kwa mikupuo mifupi. Springi na mipira ya boneti husukuma juu pini, ile ya boneti inayoingia kwenye loki, na pini huibana ndoano ya loki. Ukikandamiza, mbano unapungua na ndoano inapata nafasi ya kuteleza. Tumia viganja vilivyokunjuliwa, kamwe si goti. Ukiwa peke yako, ushikilie mkono kwa kipande cha mbao kilichokazwa nyuma yake.

Bado imegoma? Puliza oili ya kulegeza kutu kupitia grili kwa mrija mrefu, ukilenga pini na ndoano. Subiri dakika 15 hadi 20, rudia oili, kisha rudia kukandamiza. Kutu la miaka mingi liache lilowe usiku kucha. Upande wa ndani, dondoshea oili pale waya unapoingia gandani.

Waya ukiwa umekatika karibu na mkono, mara nyingi hubaki kipande kinachochungulia gandani. Rudisha ganda nyuma, au likate sentimita 2 hivi bila kugusa waya, kisha ubane waya kwa vaisigripu (koleo inayojifunga). Ligandamize ganda kwa mkono mmoja na uvute waya kwa mwingine, ukiufuata mwelekeo wake. Usiuvute kwa pembe: magari mengi ya zamani yana waya mmoja mzito wa chuma badala ya nyuzi zilizosokotwa, na huo hukatika upesi unapokunjwa.

Waya uliokatika upande wa loki ndio unaosumbua. Injini iwe imepoa na ufunguo umetolewa, kwa sababu feni ya umeme katika baadhi ya magari huweza kuwaka yenyewe. Mulika tochi kupitia grili, na kioo kidogo chenye mpini kitakuonyesha kilichojificha. Tafuta kiwiko kidogo ambacho kebo hufungwa, kisha kisukume au ukivute kuelekea kule kebo ilikotoka. Tumia nondo ya milimita 4 au 5 iliyokunjwa ncha. Waya wa hanga hupinda kabla loki haijasogea. Weka kadibodi mbele ya rejeta, kwani mapezi yake hukunjika kwa urahisi.

Grili ikiwa finyu, angalia kama bolti zake zinafikika kwa nje, uitoe. La sivyo pitia chini: gari likae juu ya stendi, kamwe si juu ya jeki pekee. Katika baadhi ya magari unaweza kufungua bolti za loki yenyewe, na boneti ikanyanyuka na loki yake. Magari ya Uingereza ya miaka ya 1960 mara nyingi hutaka spana za inchi, 7/16 na 1/2. Ya Ujerumani hutaka milimita 10 au 13. Spana inayokaribia tu itakula kona za bolti.

Si kila boneti ina loki mbele. BMW E30 na Saab 900 ya zamani zina bawaba mbele, hivyo loki ziko nyuma, karibu na kioo cha mbele. Volkswagen Beetle ina tangi la petroli chini ya boneti ya mbele: hapo usitoboe kwa drili, usikate kwa grainda, usipashe moto.

Ikifunguka, usiifunge tena kwanza. Safisha loki kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, kagua springi, kisha paka grisi. Oili nyepesi ya kupuliza hulegeza tu, haidumu. Kama kebo inabadilishwa, funga uzi imara kwenye ncha ya ile ya zamani kabla ya kuichomoa, uzi huo uje uivute mpya kwenye njia ile ile. Acha ulegevu wa milimita 2 hadi 3 kwenye waya. Ukikazwa mno, ndoano hairudi hadi mwisho na boneti inaweza kufyatuka ukiwa barabarani.

Boneti ikiwa bado wazi, isukume ndoano kwa bisibisi hadi ijifunge, kisha uvute mkono. Fanya hivyo mara 3 au 4. Jaribu pia ndoano ya pili ya usalama, maana hiyo ndiyo inayozuia boneti isipige kioo cha mbele loki ikiachia. Kama boneti ilihitaji kukandamizwa sana, legeza nati ya pini, irefushe kwa nusu mzunguko, kaza, ujaribu tena.

Kabla ya kuondoka, funga waya wa pili wa chuma kisichoshika kutu, milimita 1.5, kwenye kiwiko cha loki, na mwisho wake uufiche nyuma ya bampa mahali unapopafahamu wewe.