Dirisha lipige hodi: namna ya kuandika na kupima vigezo vya madirisha ya kompyuta

"Madirisha yafunguke vizuri." Kigezo kama hicho hakina kazi. Vizuri kwa nani? Andika kila kigezo ili mwenzako akikaa kwenye mashine ileile apate jibu lilelile: limefaulu au limefeli. Hapa natumia Linux yenye Plasma ya KDE (mazingira ya eneo-kazi), ambako msimamizi wa madirisha ni KWin.

Hatua ya 1: Andika mazingira. Ni X11 au Wayland, yaani ni upi kati ya mifumo hii miwili ya kuonyesha madirisha kwenye skrini? Kwenye X11 programu inaweza kuomba dirisha lake likae pale inapotaka. Kwenye Wayland, dirisha la kawaida halina uwezo huo. KWin ndiye anayeamua. Usipoandika hili, kosa la KWin utambambikia mwenye programu. Ongeza ukubwa wa skrini na kiwango cha kukuza, 100% au 150%.

Hatua ya 2: Hodi. Hapa usiwe na haraka. Siku moja nilikuwa naandika neno la siri, dirisha la gumzo likachomoza ghafla. Nusu ya neno hilo pamoja na Enter vikaishia kwenye kundi zima la kazini. Tangu hapo kigezo changu cha kwanza ni hiki: *mtu akiwa anaandika, dirisha ambalo hakulifungua yeye lisipokee hata herufi moja.*

Kukipima, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika:

`sleep 10; kwrite`

Bonyeza Enter, hamia haraka kwenye dirisha jingine na uendelee kuandika mfululizo hadi KWrite, programu ya kuandikia maandishi, itokee. Herufi zikikatika, limefeli. Mipangilio ya Plasma ina viwango vya kuzuia uvamizi huu, lakini usipandishe kiwango ili kipimo kipite. Kwenye kile cha juu kabisa, hata dirisha ulilolifungua mwenyewe litakusubiri ulibofye. Pima kwa mipangilio atakayoikuta mtumiaji.

Hatua ya 3: Chomoa projekta. Peleka dirisha kwenye skrini ya pili, kisha chomoa waya wa HDMI. Dirisha kurudi tu hakutoshi: mwambaa wake wa juu uonekane na ushikike kwa kipanya. Halafu fanya ule ujanja wa mwalimu anayewahi kipindi kingine: funika laptopu kwanza, chomoa waya, funua. Mimi hunasa makosa mengi hapo kuliko kwingine kote.

Hatua ya 4: Gandisha. Simamisha programu kwa `kill -STOP` na namba yake ya mchakato (PID), kisha bofya alama ya kufunga. Windows huhesabu dirisha kuwa limeganda baada ya sekunde 5 bila jibu. Nami nimeazima namba hiyo. Muda huo ukipita kidogo, mfumo uwe umekuuliza kama uiue programu, na madirisha mengine yaendelee na kazi. `kill -CONT` huizindua.

Hatua ya 5: Rudia. Kila kipimo mara 5. Likifeli mara moja kati ya hizo 5, andika limefeli, hata msanidi akikuapia kwamba kwake halijawahi kutokea. Mtumie video na toleo la KWin.